Mkamwana Asiyesikia Kikohozi

Esnath alizaliwa Ikuti, katika nyumba iliyopakana na chai pande tatu, mtoto wa nne kati ya saba. Aliletwa kwetu Mpuguso mwaka 2013, akiwa na miaka ishirini na miwili, kuwa mke wa mwanangu Emmanuel. Naandika habari zake mimi mama mkwe wake, kwa sababu kwa muda mrefu zimesimuliwa vibaya, na baadhi ya waliozisimulia vibaya walizipata kwangu.

Siku aliyoletwa alikuwa na sauti ndogo. Alipoulizwa jina, wanawake walioketi mkekani iliwabidi wainame kumsogelea ndipo wakamsikia. Nilimwambia mume wangu, Mwalimu Ezron, kwamba huyu atatufaa. Mume wangu alikuwa amestaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi, na mimi nilikuwa bado nafundisha Kiswahili sekondari, kazi niliyoifanya miaka thelathini na mmoja. Nyumba yetu haikuwa nyumba ya kelele. Mtu akipita barabarani hakujua tumekula nini wala tumegombana juu ya nini. Sikumtaka mkamwana anayesikika mpaka kwa jirani, na Mungu alikuwa amenipa asiyesikika hata mkekani.

Alijua desturi zetu pia, na hilo lilinipendeza kuliko yote. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawasemeshani, hawapishani njiani kwa kutazamana. Siku hizi watu wa mjini Tukuyu wamelegeza, wanapanda hata gari moja, lakini vijijini wazee bado wanaishika, na ndugu wote wa kiume wa baba mkwe ni baba wakwe vilevile. Mzee akikaribia mahali ambapo mkamwana wake anaweza kuwa, anakohoa. Mkamwana akisikia kikohozi anatoka njiani, anaingia upande wa migomba, anajifunika kitenge kichwani na kugeuka mpaka mzee apite. Watu wasiotufahamu huita woga. Ni heshima, tena ya pande mbili, kwani mzee anayekuja kimya na kumkuta mkamwana barazani naye anachekwa.

Esnath alikuwa hodari. Mume wangu alikuwa hajafika hata kwenye uzio, yeye alikwisha kuinuka na ungo wake na kuingia jikoni. Mume wangu alikuwa akisema kwamba mtoto huyo anamsikia hata anapofikiria kukohoa.

Sasa nieleze habari ya mashine.

Mwaka 2001 mume wangu alipopata mafao yake, wenzake walinunua ng'ombe, wengine wakajenga vibanda vya kupangisha. Yeye alinunua mashine ya kusaga na kukoboa, injini ya dizeli, akaijengea chumba cha tofali na kukiezeka kwa bati kando ya njia iendayo Kisondela. Kabla ya hapo wanawake wa kwetu walikuwa wakibeba mahindi kichwani mpaka Tukuyu. Mashine ikaitwa "kwa Mwalimu", na mpaka leo mtu akimwelekeza mgeni atamwambia ashuke kwa Mwalimu kisha apande kulia. Jina hilo limenilisha na limenipa heshima. Aliiendesha kwa mikono yake miaka kumi na mitano, mpaka mgongo ulipomzuia mwaka 2016. Emmanuel hakuweza kuishika, yeye alikuwa ananunua parachichi Kisondela na kuzipeleka kwa wafanyabiashara wakubwa. Hivyo tukampa Esnath.

Aliijua ndani ya wiki mbili. Alijifunza kufunga mkanda, kubadili chekeche la sembe na la dona, na kujua kwa harufu kama beringi imeanza kupata moto. Alifungua saa mbili asubuhi na kufunga jioni, siku sita za wiki. Kile chumba ni kidogo, na ukuta wake na bati lake hurudisha kila sauti. Vinyundo vinapopiga mahindi makavu, injini nayo ikinguruma, mtu hawezi kuzungumza humo ndani. Anapiga kelele sikioni mwa mwenzake, au anaonyesha vidole. Esnath alileta redio ili asichoke, akaining'iniza msumarini, na ili aisikie akaifungulia mpaka mwisho.

Sikuona lini sauti yake ilikua. Kitu cha namna hiyo hakina tarehe. Nilichoona ni kwamba miaka ilivyokwenda alianza kusema kama muuza samaki, mezani, kanisani, hata chumbani kwa watoto. Nikamkanya. Nilimwambia kwamba nyumba hii haina viziwi. Alitabasamu, akanyamaza siku mbili, kisha sauti ikapanda tena.

Jioni moja alikuja kukaa nami wakati nachambua maharage, akashika masikio yote mawili. Aliniambia kwamba yanalia, kama nyenje wa kiangazi, na kwamba zamani yalikuwa yakinyamaza akishalala lakini sasa anaamka nayo. Nikamwambia ni vumbi la unga, aoge vizuri. Kesho yake alikwenda kazini ameziba masikio kwa pamba. Wateja wakalalamika kwamba mkamwana wa Mwalimu siku hizi anajisikia, ukimwita haitiki. Mama mmoja wa ushirika wetu aliniuliza, kwa ile huruma ya kutaka habari, kama binti ana usaha masikioni.

Nilikwenda mashineni mimi mwenyewe. Nilimwonyesha kwa kidole aitoe ile pamba, akaitoa.

Nitarudi kwenye jambo hilo.

Kaka mkubwa wa mume wangu anaitwa Anyelwisye. Ana miaka themanini na miwili, anatembea wima, na kofia yake ya sufu haimtoki kichwani isipokuwa kanisani. Mume wangu alipofariki mwaka 2019, yeye ndiye aliyebaki baba mkwe wa Esnath. Nyumba yake iko ng'ambo ya migomba yetu, na njia yake ya kwenda popote inapita uani kwetu. Kikohozi chake kinajulikana. Kina vipande viwili, kifupi na kirefu, na anakianzia kwenye kona ya mparachichi mkubwa ili mtu apate nafasi ya kutosha.

Mwaka juzi mwishoni, watu walianza kuniletea maneno. Mzee amekohoa konani, Esnath amebaki amekaa barazani anamenya ndizi, miguu imenyooka, mpaka mzee akalazimika kugeuka na kuzunguka kwa chini. Nikamuuliza Esnath, akaapa hakumsikia. Nikamwambia awe makini. Ikatokea tena penye bomba la maji. Shemeji yangu hakuja kulalamika. Alinyamaza, na watu wa rika lake wakinyamaza ujue wanahesabu.

Mara ya tatu ilikuwa msibani, mchana, mbele ya watu wasiopungua mia. Jirani yetu alikuwa amefiwa na mama yake. Esnath alikuwa miongoni mwa wanawake wanaoteka maji ya kupikia, na alikuwa anarudi na ndoo kichwani kwenye ile njia nyembamba inayopita katikati ya migomba. Shemeji Anyelwisye akaingia njia hiyo nyuma yake. Akakohoa. Esnath akaendelea kutembea. Akakohoa tena, kwa nguvu. Watu walioketi uwanjani wakageuza vichwa. Esnath akaendelea, taratibu, kwa sababu ya ndoo, na mzee nyuma yake hakuwa na pa kupita, akawa anaongozwa na mkamwana wake kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Kijana mmoja akacheka. Walipofika uwanjani Esnath alihisi kivuli, akageuka ghafla. Wakagongana uso kwa uso. Nusu ya ndoo ikamwagikia koti la mzee, lile jeusi la misibani.

Esnath alipiga magoti palepale kwenye tope na kujifunika uso. Mzee akageuka, akarudi kwake akiwa amelowa, hakuzika.

Siku tatu baadaye nikapata ujumbe kwamba atakuja kwangu Jumapili baada ya ibada, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Emmanuel aliambiwa na mmoja wao nini kinakuja. Esnath atarudishwa Ikuti kwa wazazi wake. Watoto wake wawili watabaki, kwani ni wa ukoo. Atakaa huko mpaka wazazi wake wamlete wenyewe na ng'ombe, na waeleze mbele ya watu kwa nini walitoa binti asiyefundwa. Mdogo wa watoto hao alikuwa na miaka mitatu na bado analala ameshika sikio la mama yake.

Ijumaa ya wiki hiyo beringi ya mashine ilikufa, nikamwita Hasheem. Hasheem ni fundi wa Tukuyu. Babu yake alitoka Kilwa akaja kushona nguo, baba yake akatengeneza cherehani, yeye akaendelea na injini. Ni mtu mzima, ana ndevu nyeupe, na akifanya kazi karibu na injini huvaa vikinga masikio, vile viwili vikubwa vilivyounganishwa kwa utepe wa chuma juu ya kichwa. Tangu zamani vijana walimtania kwamba anasubiri simu ya Rais.

Alimaliza, akawasha injini kuijaribu, akaizima. Esnath alikuwa amempa mgongo anafagia pumba. Hasheem akamwita kwa jina, kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Akachukua spana ndogo, akaigonga taratibu kwenye bomba. Hakugeuka. Akaitupa ile kubwa sakafuni, ndipo Esnath akashtuka, akacheka, akasema kwa sauti yake ya sokoni, "Shikamoo, fundi, umeniangushia mlima Rungwe?"

Hasheem alimwitikia kwa mkono. Kisha akaja kwangu mlangoni.

"Mwalimu, masikio ya huyu yamekwisha kuliwa," alisema.

Nikamjibu kwamba ana mawazo mengi, kuna tatizo la kifamilia.

"Mawazo hayazibi masikio. Mimi nilimwambia Mzee Ezron hapa hapa, wewe ukiwa umeshika birika la chai. Nilimwambia, mahali ukiona unampigia kelele mtu ambaye ungeweza kumgusa begani, hapo sikio linaliwa. Linaliwa kidogo kidogo na halioti tena. Nikamletea na vikinga vyake. Viko wapi?"

Nilijua viko wapi. Vilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa rambo, tangu mwaka 2009. Mume wangu alivivaa siku moja tu, wanafunzi wake wa zamani wakamcheka, na jioni nikamwambia kwamba mwalimu mkuu mstaafu hawezi kukaa kando ya barabara amevaa kama mpiga muziki.

Emmanuel alimpeleka mkewe hospitali Mbeya kesho yake. Walimfungia ndani ya chumba kidogo, wakampigia sauti nyembamba na nene, wakachora karatasi. Mstari wake unaanza vizuri kushoto, kisha unashuka kama mteremko wa kwenda Kyela. Daktari aliwaeleza kwamba mashine na ile redio juu yake ndivyo vilivyofanya hivyo, kwamba kilichopotea hakirudi kwa dawa, na kwamba kilichobaki kitapotea pia akiendelea vilevile. Sauti nene, kama ya mlango au ya ngoma, anaipata. Sauti nyembamba na za mbali zimeondoka. Kikohozi cha mzee kwenye kona kiko humo. Pamba, alisema daktari, husaidia kidogo sana, lakini ni afadhali kuliko masikio matupu.

Niliisoma karatasi ile mara mbili. Kisha nikamwambia Emmanuel tusiseme.

Nataka nieleweke hapa. Sikutaka Esnath arudishwe. Nilikuwa nimeandaa mpango: nitaomba radhi kwa niaba yake, nitatoa blanketi jipya na kuku, nitasema alikuwa mgonjwa wa homa siku ya msiba. Nilidhani inatosha. Nilifikiri kwamba tukisema kiziwi, neno hilo litakaa kwenye nyumba hii muda mrefu kuliko kosa la ndoo ya maji. Wangeuliza ukiziwi huo umetoka wapi, na wangeifikia mashine, na nyuma ya mashine wangemkuta Ezron.

Kwa maana mume wangu alikufa akiwa hasikii, na katika dunia hii nilijua mimi peke yangu.

Ilianza kama kwa Esnath. Alipostaafu mashine tayari alikuwa hafuati mahubiri. Nilikaa pembeni yake kanisani, na wimbo ulipofika pa kusimama nilimgusa goti. Watu waliona mume na mke wanaopendana mpaka uzee. Wageni walipomuuliza jambo nilijibu mimi, nikisema mwalimu anawaza. Akapata sifa ya mtu wa fikra nyingi. Naye alikubali, kwa sababu alikuwa na kiburi kama changu, na kwa sababu alichoka.

Jumapili wazee walikuja. Shemeji Anyelwisye aliketi kiti cha marehemu, wenzake wawili kando, Emmanuel kwenye stuli karibu na mlango. Esnath, kama desturi inavyotaka, alikuwa jikoni nyuma ya ukuta, mlango umeachwa wazi kidogo ili asikie kesi yake.

Shemeji alizungumza vizuri. Alisema hakuja kwa hasira. Alieleza mara ya kwanza barazani, mara ya pili bombani, na akafika msibani.

"Nilikohoa mpaka kifua kikauma, Mama Emmanuel. Waliokuwa uwanjani wamesikia. Aliyelala kwenye jeneza nadhani naye alisikia. Amekosa kusikia yeye tu."

Mmoja wa wazee alitaka kucheka, akaona haifai. Nikatoa maneno yangu ya homa. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole ni homa gani ya miezi minane. Nikataja blanketi. Akasema blanketi analo.

"Aseme mwenyewe," alisema, "kupitia kwako. Asije akafukuzwa mtoto wa watu bila kuulizwa. Muulize kama ana neno."

Nikageukia ule mlango. "Esnath," niliita, kwa sauti yangu ya siku zote, sauti ya nyumba hii. "Wazee wanauliza kama una neno."

Tulisubiri. Kutoka jikoni ikaja sauti ya vikombe vikisuuzwa, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Nikaita tena. Akaweka kikombe, akachukua kingine. Alikuwa anatuandalia chai, na hakujua kwamba tumeanza.

"Mmeona wenyewe," shemeji aliwaambia wenzake, na safari hii sauti yake ilikuwa imechoka kweli. "Hata kwenye kesi yake anatudharau."

Emmanuel alinitazama. Nilikuwa nimemkataza kusema, naye ni mtoto aliyelelewa kutii. Alinitazama tu. Nikamwona ana umri wa miaka kumi na minne, darasani kwangu, anasubiri nimruhusu kujibu swali ambalo jibu lake analijua.

"Hasikii," nilisema.

"Nani?"

"Esnath. Masikio yake yameliwa na mashine. Karatasi ya hospitali iko chumbani, Emmanuel atawasomea. Hasikii kikohozi, shemeji. Hasikii hata mimi hapa. Hajakudharau hata siku moja."

Mzee wa upande wa kulia akauliza ni tangu lini. Nikasema miaka kadhaa. Akauliza kwa nini hakujikinga. Nikasema alijaribu, mimi nikamtoa pamba masikioni, kwa sababu watu walisema.

Shemeji alikunja uso. Alikuwa anafikiri, na nilimwona anavyokwenda hatua kwa hatua.

"Lakini Ezron aliiendesha mashine hiyohiyo miaka kumi na mitano, na yeye..."

Ningeweza kumwachia hapo. Kesi ya Esnath ilikuwa imekwisha, nilikuwa nimeishinda. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba asiambiwe na anayeomba aambiwe.

Miezi mitatu kabla ya mume wangu kufa, ndugu hawa wawili walikuwa wamekosana juu ya mpaka wa migomba, jambo dogo, mashina sita. Asubuhi moja Anyelwisye alikuja mpaka kwenye uzio wetu, kofia mkononi. Mdogo wake alikuwa barazani anasoma gazeti, amempa mgongo. Alimwita mara tatu. Ezron akafungua ukurasa mwingine. Anyelwisye akavaa kofia yake akaondoka, na hawakusemezana tena mpaka tulipomzika.

"Siku ile ya kwenye uzio," alisema sasa.

"Hakusikia, shemeji."

"Nilimwita mara tatu. Nilikuja kumwambia mashina yale ni yake."

"Hakusikia. Mimi nilisikia. Nilikuwa dirishani."

Jikoni vikombe vilikwisha, na Esnath akaanza kuimba wimbo wa kwaya kwa ile sauti kubwa isiyojipima, akiwa nje kidogo ya tuni.

"Ulikuwa dirishani," shemeji alirudia.

Nikamwambia yote. Kwamba ningetoka ningelazimika kumpigia mume wangu kelele sikioni mbele ya kaka yake, naye angeaibika. Kwamba niliona ni afadhali aonekane mwenye kiburi kuliko kiziwi. Maneno hayo yalikuwa yamekaa vizuri kichwani mwangu kwa miaka sita. Yalipotoka hayakuwa na sura nzuri.

Aliweka mikono magotini. "Nilimzika nina hasira naye," alisema. "Nilishika udongo nikautupa kama ninayetupa jiwe." Kisha akainuka. "Mkamwana abaki na watoto wake. Ng'ombe hatakiwi. Ya kwako, Mama Emmanuel, leo sina nguvu ya kuyasikiliza."

Waliondoka bila kunywa chai.

Jioni Emmanuel alimweleza mkewe kila kitu, uso kwa uso, ili amwone midomo. Baadaye Esnath akaja nilipoketi. Hakukaa chini.

"Kumbe Baba naye," alisema.

"Naye."

"Na ulijua, Mama, ulipoonyesha kidole nitoe pamba."

Nilitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa sikuamini sauti yangu ingemfikia. Akanitazama kidogo, akachukua vikombe vya chai iliyopoa, akaenda kuimwaga nje. Kesho yake aliniamkia kama kawaida. Ananiamkia kama kawaida mpaka leo, na sijui ndani yake kuna nini, na nadhani sina haki ya kuuliza.

Mashine bado inasaga. Hasheem aliitoa injini nje, akaijengea kibanda nyuma ya ukuta, ili ndani zibaki kelele za vinyundo peke yake. Redio tumeiondoa. Esnath anasaga asubuhi, anapumzisha masikio, na mchana anashika mwingine. Ukutani kuna ubao wangu wa zamani wa darasani. Mteja anaonyesha kwa kidole, sembe au dona, na hakuna anayepiga kelele. Kichwani amevaa vikinga vya mume wangu, vilevile vya mfuko wa rambo. Sponji zake zilikuwa zimekufa, Hasheem akaweka mpya. Vijana wa bodaboda wanamwita Rubani. Wanamuuliza kwa ishara ndege inaondoka saa ngapi, naye anawajibu kwamba wao mizigo yao haijapimwa. Wakati mwingine mmoja wao anapopita na spika inayopiga mpaka bati linatetemeka, Esnath anatoka, anamgusa begani, anagusa sikio lake mwenyewe, anatikisa kichwa. Wengine wanacheka. Wawili wamepunguza.

Kusikia kwake hakujarudi, wala hakutarudi. Daktari alimpima tena mwezi wa sita, mstari uko palepale. Mtoto akilia chumba cha pili, mkubwa wake ndiye anayekimbia kumvuta mama yake kitenge.

Kuhusu shemeji Anyelwisye, mwezi ule wa kwanza aliacha kabisa kupita uani kwetu, alizunguka kwa chini kwenye utelezi, umri wake ule. Halafu asubuhi moja ya jua, bila wingu hata moja, nilimwona kwenye kona ya mparachichi. Alisimama. Hakukohoa. Akafungua mwavuli mkubwa mwekundu, mpya, akauinua juu kabisa ya kofia yake, akasubiri. Esnath alikuwa anaanika mahindi. Akauona. Akaingia upande wa migomba, akajifunika kitenge, akageuka. Mzee akapita chini ya mwavuli wake taratibu, anatazama mbele.

Tangu hapo hupita hivyo, mvua inyeshe isinyeshe. Watu walimcheka wiki mbili wakazoea.

Mimi huwa barazani anapopita, mahali pale alipokuwa akikaa Ezron. Namsalimu. Huinamisha mwavuli upande wangu kidogo, kiasi ambacho siuoni uso wake, na anaendelea.